Vyuma vya Watu

Jumamosi hiyo tulikunywa chai kama siku zote. Syokau alikata viazi vitamu kwa kisu kipya, kwa sababu kisu chake hakikutoka nyumbani kabla hajapika nacho. Ndivyo alivyokijaribu. Alikipitisha kwenye kiazi, akakisikiliza, akakiweka kando.

"Hiki kinaweza kwenda," akasema.

Kilikuwa cha mwisho. Karai la vyuma lilikuwa tupu. Magunia yetu yalikuwa yamefungwa, yameegemea ukuta. Jumatatu tungeenda Matuu kwenye shamba letu, tusirudi Mwihoko tena.

Mke wangu Syokau alitengeneza visu. Alianza Thika, akiwa msichana wa kufagia karakana ya mbao. Msumeno ukivunjika ulitupwa na takataka. Yeye aliokota vile vipande, akaokota na mabaki ya mbao ngumu ya kuwekea mpini. Hakufundishwa na mtu. Kisu cha kwanza kilipinda. Cha pili aliazima mpishi wa pale, akakataa kukirudisha.

Tulipooana tukaja Mwihoko, chumba kimoja na kibanda cha mabati nyuma. Wakati huo kulikuwa wazi. Sasa kuna gorofa huku na gorofa huku, na mbele ukuta wa jirani. Jua linapita juu tu, likienda kwa wengine. Humo ndani Syokau alisaga chuma, vumbi likamwingia kifuani. Kila mwaka mvua ikikaribia alisema tutaenda kupanda wenyewe. Hatukwenda.

Si pesa iliyomshika. Ni vyuma. Fundi akibaki na kipande cha msumeno, alimletea atengenezewe kisu. Na kwa Syokau, chuma cha mtu kikishaingia mkononi mwake ni kazi. Hakirudi kama kilivyokuja. Angeona aibu kama mtu aliyeachiwa mtoto akamrudisha hajala. Kwa hiyo karai halikuisha. Akitoa kisu kimoja, chuma kingine kimeshaingia.

Mwaka huu akawa mjanja. Akakataa kushika. Mtu akinyoosha mkono, yeye anaficha mikono yake ndani ya leso. Ngendo wa bucha akamcheka.

"Mama Mumo, umekuwa bibi arusi? Unaogopa kushikwa mkono?"

"Enda na chuma chako, Ngendo. Mimi ni mkulima sasa."

"Mkulima! Na jembe utalishika wapi, kwenye makali?"

Wakacheka mpaka Syokau akakohoa. Lakini Ngendo aliondoka na chuma chake. Nikaona tumeshinda.

Sasa Jumamosi hiyo, chai haijaisha, Kaleli akaita mlangoni. Ni fundi wa viti, ng'ambo ya barabara.

Nikamwambia Syokau, nyamaza, ataenda. Kaleli akaita tena. "Mama Mumo!" Syokau akafungua.

Alikuwa na kipande cha msumeno ndani ya kitambaa. "Si changu, mama. Ni cha msichana wangu. Anaolewa. Anataka kisu chako jikoni kwake."

"Kaleli, nimefunga kazi."

"Najua. Nimeona magunia. Hiki kimoja tu."

"Wewe ni mbaya."

"Mimi ni mbaya kabisa. Shika."

Akashika.

Kaleli alipoenda nilimwambia tukibebe, atakitengeneza Matuu. Akasema shambani hakuna stima, na grainda, mashine yake ya kusagia, inataka stima. Akaenda kibandani. Nilisikia grainda ikila chuma. Baadaye nikaisikia inazunguka bure. Nimeishi na sauti hiyo, naijua. Nilimkuta amekaa chini, chuma mapajani, pumzi haifiki. Hospitalini walisema ni kifua. Hakutoka huko.

Tulimzika Matuu. Yeye amefika. Mimi nilirudi kuchukua magunia, na bado niko hapa. Kisu cha msichana wa Kaleli hakijaisha na mimi sijui kusaga. Kaleli alikuja kukichukua hivyo hivyo, analia. Sikuweza kumpa. Sasa hata nikisikia mtu anapita nje, nakaa kimya kama mwizi.

Mumo, kijana wetu, aliniuliza kwa nini mama yake hakukataa tu. Swali hilo nilimwuliza Syokau mwenyewe Jumamosi ile, akiwa amesimama na kile chuma mkononi. Hakukasirika. Aliniambia: "Baba Mumo, ungeufunga huo mlango wewe. Mimi mtu akiniita, nafungua."