Kuteremka Frii

Fanueli wa Mhezi alikuwa mwoga wa pikipiki, na kijiji kizima kilijua. Mwanamume anayelima tangawizi kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili, lakini akishika usukani tu, jasho! Pikipiki yenyewe aliinunua kwa sababu moja: mkewe Raheli alikuwa na mimba ya tatu, mbili za kwanza zilitoka, na nesi alisema safari hii ashuke Same mapema, akasubirie uchungu karibu na hospitali.

Basi akajifunza. Jamani, alivyojifunza! Alianguka kwenye migomba, akaanguka mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani. Fundi alimwonya kwamba injini mpya huzoeshwa taratibu, haikamuliwi, haipigishwi kelele. Neno hilo Fanueli alilishika kuliko katekisimu.

Siku ya kushuka, Raheli alipanda nyuma, tumbo likamgusa mumewe mgongoni. Mteremko ulipoanza, injini ikanguruma kwenye gia, na Fanueli roho ikamuuma. Akatoa gia, akaiacha iende frii ipumzike, kama wafanyavyo bodaboda wanaobana mafuta. Si breki zipo?

Kona ya kwanza zilishika. Ya pili zilishika huku zikinuka. Ya tatu akakanyaga kwa nguvu zake zote, pikipiki ikazidi kukimbia.

Hofu ikamvaa mwili mzima. Kushoto hapakuwa na kitu, ni bonde tu, na chini kabisa mabati ya nyumba za watu. Akataka kuomba akakosa pa kuanzia. Mtoto akapiga teke, na Fanueli akalisikia mgongoni mwake mwenyewe.

"Tia gia!" Raheli alipiga kelele.

"Injini itakufa!"

"Na sisi je? Mwehu wewe!"

Akatia. Ya ngapi, hata yeye hajui. Injini ikapiga yowe, tairi la nyuma likaserereka, wakaparaza ukuta wa udongo upande wa mlima, wakasimama katikati ya vumbi.

Fanueli alitaka kushuka, vidole vikagoma kuachia usukani. Raheli akashuka, akavibandua kimoja kimoja, akauchukua mkono wake na kuuweka tumboni. Wakasubiri. Mtoto hakucheza. Raheli akaanza kulia, na Fanueli hakuthubutu hata kuusogeza mkono.

Kisha likaja, teke dogo.

"Panda," Fanueli alisema. "Tunashuka kwa gia ya kwanza."

"Na injini yako?"

"Ife."

Wakashuka hivyo mpaka Same, injini ikipiga kelele hadi watu wakatoka majumbani kutazama. Na kila walipopita kona, Fanueli alijisogeza nyuma kidogo, mgongo wake ukitafuta teke jingine.