Katikati ya Gunia

Nikisikia uvundo wa mahindi yaliyooza, hata kwenye ghala la mtu nisiyemjua, hugeuka nikaondoka haraka. Wacha niwaambie ninyi, kwa sababu nyumbani sijawahi kusema.

Kwetu Kibomet, msimu wa kuvuna, mvua ilikuwa na saa yake. Asubuhi jua lilichoma hadi mabati yakalia, lakini baada ya chakula cha mchana Mlima Elgon ulijifunika mawingu, na kila boma likaanza mbio za kuanua mahindi. Hata pasta alikatiza maombi akakimbilia turubai lake.

Nikiwa darasa la nne, mama alienda kibarua akaniachia mahindi yetu mapya, karibu yote, yameanikwa uani.

"Mlima ukijifunika tu, anua. Usingoje tone."

Kisha wasichana wakaja na mpira wa kati, na mimi, mjue, nilikuwa hodari wa kuukwepa ukirushwa. Niliuona mlima ukijifunika. Nilitaka raundi moja tu zaidi.

Mvua ilitulowesha mimi na mahindi. Kwa kuogopa fimbo, niliyajaza kwenye magunia hivyo hivyo yakidondoka maji, na juu nikaweka yale machache makavu yaliyokuwa upenuni. Jioni mama alitia mkono juu ya gunia.

"Imekauka?"

"Imekauka, mama."

Akayashona magunia huku akinisifu. Sifa zile zinaniuma mpaka leo.

Tulikula kwanza gunia la zamani. Mama alipoyafungua haya, mvua za kupanda zilikuwa zimeanza na hatukuwa na kingine. Yalitoka mabonge ya kijani. Mama alikaa chini kando yake akasema, "Hii mvua imetumaliza." Nikachutama kumsaidia kuyachambua. Wiki hiyo mdogo wangu wa miaka mitatu, Wafula, aliyepewa jina hilo kwa kuzaliwa wakati wa mvua, alipelekwa kwa nyanya kule Bumula, ale huko hadi mahindi mabichi yatoke.

Mahindi yalitoka. Wafula hakurudi. Nyanya alikuwa amemzoea, naye mtoto alishaanza kumwita mama.

Juzi Wafula alitutembelea, mtu mzima, akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Dada, kwani hiyo mwaka mvua ilikuwa mingi aje, hadi mkanitoa?"

Mvua ile ilikuwa ya kawaida. Majirani wote walianua. Nikiwa mtoto nilidhani nimeponea fimbo. Sasa najua fimbo yangu alichapwa yeye.

"Ilikuwa mingi sana," nikamwambia, nikamwongezea chai.