Aproni ya Jinzi ya Baba Bonge

Sindano ya kwanza ilivunjika kabla Mama Bonge hajashona hata urefu wa kiganja. Ya pili ikavunjika palepale alipofia mwenzake, kwenye ule mshono mnene wa pembeni mwa mguu wa jinzi, ambao hukunjwa na kukunjwa tena kana kwamba suruali itavaliwa na punda. Ikabaki moja. Cherehani ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, na sindano zilikuwa zake pia. Mwenyewe alikaa mlangoni akichambua mchele, lakini masikio yalikuwa kwenye cherehani.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema wifi. "Ila makoleo yangu yana mwisho, wifi."

Mama Bonge hakucheka. Kesho asubuhi alitakiwa jikoni hospitali, kazi yake ya kwanza tangu ajifungue, na mpishi mkuu alishasema neno lake: kila mmoja aje na aproni yake, nzito, ifunike kifua hadi magoti na izunguke mbavu, maana uji wa moto haumwagiki kwa kubisha hodi. Asiyekuwa nayo arudi kwao, wanaoitaka nafasi hiyo wapo. Za dukani alikwenda kuzishika, nyepesi kama ganda la kitunguu. Ndipo akaikumbuka jinzi ya Baba Bonge ya enzi za ujana. Mumewe alipoombwa aliikunjua, akaitazama, akasema haya, chukua, kiuno chenyewe kilishahama.

Tangu asubuhi mtoto, Bonge, alikuwa mgongoni mwake. Meno yalikuwa yanamtoka, na kila akiwekwa chini alilia mpaka akapaliwa. Kwa hiyo mama yake alifumua miguu ya suruali akiwa naye, akajipima kwa uzi akiwa naye, akakata akiwa naye. Hakuona ajabu. Miezi tisa alikuwa akipika, akifagia na kufua hivyohivyo, na mbeleko ilishamchora alama begani.

Wifi hakuvumilia. Aliacha ungo, akachukua mchi, akautandika ule mshono juu ya jiwe la uani kama anayetwanga.

"Jinzi haishonwi kabla ya kulainishwa," alisema. "Ipige kwanza ijue nani mkubwa."

Jirani akauliza ng'ambo ya ukuta kama leo wanakula suruali. Wifi akamjibu alete bakuli.

Mshono ulilala kweli. Mama Bonge hakukanyaga tena pedeli. Alizungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, akibana pumzi kila sindano ilipozama. Matobo ya magotini aliyaziba kwa mifuko ya nyuma ya suruali hiyohiyo. Mikanda miwili aliipitisha mabegani, ipishane mgongoni na kufungwa kiunoni. Jua lilipogusa ukuta wa jirani, aproni ilikuwa imekamilika na sindano ilikuwa nzima. Akafungua mbeleko, akampa wifi mtoto, akaivaa.

Ikamvaa yeye. Kifua kiliteremka mpaka kitovuni. Mbavuni kitambaa kilizunguka, kikakutana nyuma, kikapitilizana. Aliivua akaigeuza, akaivaa tena, akavuta huku, akavuta kule. Uzi aliupima mara tatu! Wifi alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Alimtazama mtoto aliyemshika, akaitazama aproni.

"Wifi," alisema polepole, "umepima na Bonge."

Mama Bonge alikaa kwenye kigoda. Uzi ulikuwa umepita chini ya makalio ya mtoto, na mikanda ilikuwa imepimwa ikipanda juu ya mgongo wake. Siku nzima ameshona aproni ya watu wawili, na kesho anayetakiwa jikoni ni mmoja. Bonge atabaki hapa kwa shangazi yake, kutwa, kwa mara ya kwanza. Walikwisha kulipanga juma zima lililopita, naye alikuwa akiitikia ndiyo, ndiyo. Mgongo wake ndio haukuwa umeambiwa.

Akachukua wembe. Akaanza kufumua pembeni, mishono ileile aliyoibembeleza mchana kutwa, na nyuzi zikamjaa mapajani. Bonge aliuona mgongo wa mama yake hauna mtu, akanyoosha mikono, akaanza kulia. Mama yake hakuinuka. Akiinuka, mwanga utaisha kabla ya kazi.

"Mzungushe uani," alisema bila kuinua kichwa. "Akuzoee."

Wifi akaondoka naye, akimwimbia vibaya.

Waliporudi, Bonge alikuwa amelala begani kwa shangazi yake, na aproni ilikuwa imemkaa mama yake sawasawa. Wifi aliigusa mikanda. Mabegani ilikuwa imepigwa mafundo mawili manene.

"Hii mbona hukuikata?" aliuliza. "Mkasi huo hapo."

"Mafundo yanatosha, na hufunguka," alisema Mama Bonge, akanyoosha mikono apokee mtoto.