Mashine ya Kochi Mwanzia

Mwanzia alijiita kochi kwa sababu aliwahi kubeba chupa za maji za timu moja ya mpira ya mtaa wa Kware, na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha. Aliponunua mashine ya kukanda misuli pale soko la Muthurwa, ile ya kushikwa mkononi inayogonga mwili kwa kasi, alijipandisha cheo akawa mtaalamu. Karatasi ya maelezo aliitupa bila kuisoma. Mtaalamu asome nini?

Kwake kila maumivu yalikuwa misuli. Jirani mmoja alipogongwa shingoni na mashine hiyo akashikwa na kizunguzungu, Mwanzia alimwambia ni uchovu unatoka.

Kisha Phelister, fundi wa nguo wa ghorofa ya chini, akarudi kutoka mazishini Siaya baada ya kukaa kwenye basi usiku kucha. Kigimbi cha kushoto kilivimba kikawa na joto. Bintiye, Jacklyne, alitaka waende hospitali, lakini Mwanzia alishafika mlangoni na mashine yake.

"Misuli imejifunga tu, Mama Jacky."

"Mbona mguu mmoja, Kochi?"

"Wewe jua cherehani. Miili niachie mimi."

Akaweka kasi ya mwisho. Phelister akauma kanga. Alipomwambia inaumiza, Mwanzia akajibu kwamba ndivyo inavyofanya kazi. Jacklyne ndiye aliyemnyang'anya mashine akaizima.

Asubuhi Phelister alishindwa kupumua vizuri, na kifua kilimchoma. Hospitalini waligundua kwamba damu ilikuwa imeganda mguuni na kipande kimefika mapafuni.

"Pengine kingehama hata bila mashine," daktari alimwambia Jacklyne. "Lakini mguu mmoja ukivimba na kuwa na joto, haukandwi wala haugongwi. Unaletwa hapa mara moja."

Dawa za kuzuia damu kuganda zilimsaidia. Alipoweza kuketi kitandani, Mwanzia alikuja na machungwa na mkoba wenye mashine yake.

"Ukitoka tutamalizia," akasema.

Phelister alimtazama kama mtu anayetazama doa kwenye kitambaa cha mteja.

"Weka machungwa hapo, Kochi. Halafu uende."

Akaenda, lakini hakuona haya. Kwenye ngazi za jengo lao alitangaza kuwa yeye ndiye aliyeugundua ugonjwa mapema, mashine ilipogusa mahali penyewe. Wiki hiyo hiyo Owino wa ghorofa ya tatu, mtu mzima mwenye akili zake, alivua shati akampa bega.