Mapera Yenye Taji

Juzi niliona komamanga limechorwa kwenye boksi la juisi, nikakumbuka varanda yetu ya Kolwezi na harufu ya rangi mbichi. Muyahudi mwenye duka la vitambaa alikuwa akimwozesha binti yake, akamletea baba, aliyekuwa mchoraji, hati ya ndoa aliyoiandika kwa mkono, aipambe kwa makomamanga. Baba hakuwahi kuyaona. Alichora mapera mekundu yenye taji. Nilimuuliza baba maneno yale yanasema nini, naye akanijibu kama mwenye duka alivyomweleza.

"Bwana akifukuza bibi yake, bibi hataenda mikono mitupu."

Leo najua ilikuwa ahadi ya bwana harusi kwa mkewe. Siku ile nilidhani ni sheria ya watu wote.

Rangi haijakauka, filimbi zikalia barabarani, jirani yetu akaingia na vijana waliokuwa wakizipuliza.

"Bakasai, murudi kwenu," alisema, akituita kwa jimbo la Kasai walikotoka babu zetu, bila kumtazama mama aliyekuwa ananyonyesha mdogo wangu.

Nikamwinulia ile hati, nikamwita baba kwa heshima. "Tata, iliandikwa hapa. Hamuwezi kutufukuza mikono mitupu."

Aliitazama. "Basi beba iyo karatasi, mutoto."

Hatukubeba kingine. Stesheni treni ilikawia siku kadhaa, mvua haikukatika, na mama akamfunika mtoto kwa hati. Rangi nyekundu ya mapera ilihamia mashavuni mwa mtoto. Tulipomzika kando ya reli, alionekana mzima.