Siku Mama Ipyana Alipotuzimisha Pikipiki

Iko siku moja ya masika, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Kaa kidogo nikusimulie. Hiyo pikipiki yako haitaota mizizi.

Ujanani mwangu hapa Kyela tulikuwa makundi mawili. Sisi tuliitwa Machifu: pikipiki zetu nzito, za chini, unakaa umenyooka, miguu mbele, kama uko barazani kwako. Wenzetu waliitwa Mishale: pikipiki za mbio, unaziendesha umelalia tangi. Tukiwaambia haraka haraka haina baraka, wanatujibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Ulikuwa utani mtupu. Ukiharibikiwa njia ya Matema, aliyekucheka asubuhi ndiye anayekuvuta kwa kamba jioni.

Ipyana alikuwa mwenzetu. Alianza na Mishale, baadaye akanunua pikipiki nzito akahamia kwetu. Kijana yule, jamani! Akicheka, kijiwe kizima kinacheka. Akaja kufa akimkwepa ng'ombe, njia ya Mwaya.

Siku ya maziko tulilisindikiza gari lililobeba jeneza, kutoka mjini hadi kwao Lyulilo, ambako mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Si unajua mambo yetu waendesha pikipiki: mwenzenu akifa mnamsindikiza kwa honi na moshi. Tulipofika njia panda ya kuteremkia kwao, ugomvi ukazuka. Nani atangulie mbele ya jeneza?

"Ni wetu, kafa akiwa Chifu," nikasema mimi.

"Na kuendesha alifundishwa na nani?" akafoka Gwakisa, mkubwa wa Mishale.

Hakuna aliyekubali kushindwa, basi tukashindana kwa injini. Tulizingurumisha hadi wimbo wa kwaya ukamezwa, na kilio cha kina mama kikamezwa. Gari likasimama katikati yetu, limekosa pa kupita. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na siku ile nyasi alikuwa mzazi mwenye msiba.

Mama Ipyana akashuka garini, kanga kajifunga kiunoni. Akainua mkono tu. Tukazima, mmoja mmoja.

"Chungu nikikitoa motoni nakigonga kwa kidole, nisikie kama kina ufa," alisema, wala hakupaza sauti. "Leo nimewasikia na nyie. Sauti ya mwisho aliyoisikia mwanangu duniani ni ya mashine hizo hizo. Nataka aingie kwetu kwa sauti za watu. Mnaompenda, sukumeni. Msioweza, ndaga, rudini mjini."

Ndaga ndiyo asante yetu Wanyakyusa. Haki ya Mungu, sijapata kusikia asante inayouma vile.

Tukasukuma. Njia ile ilikuwa mchanga na tope, na kwa pikipiki kama yangu ilikuwa adhabu hasa. Mishale wakatupita na pikipiki zao nyepesi. Kwaya ikaimba, safari hii tukaisikia neno kwa neno. Gurudumu langu likazama, nikabaki nyuma peke yangu, nimeinamia usukani, nalia kama mtoto. Niliona aibu, mwanangu, na nilijua rafiki yangu atafukiwa nisimwage hata konzi moja ya udongo.

Mara nikahisi pikipiki imekuwa nyepesi. Nageuka, namwona Gwakisa kaweka bega nyuma, tope hadi magotini. Kumbe alishafika, akaegemeza yake ukutani, akarudi.

"Sukuma, Chifu," akasema. "Hafukiwi mpaka ufike. Mama kakataa."

Tulipotokea uani, jeneza lilikuwa bado juu, halijashushwa kaburini. Yule mama alitutazama, akawaambia wazee, "Sasa wametimia. Anzeni."

Mwanangu, sikukatazi kushindana. Taniana na wenzako, jisifie chuma chako, kijana asiye na majigambo kazeeka kabla ya siku. Ila mwenzako akizama, rudi, hata kama umeshafika. Na penye msiba zima injini ushuke, kwa maana msibani hakuna wa kwanza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi wangu nilimpata matopeni.

Haya, nenda. Kyala, Mungu wetu, akutangulie barabarani, akurudishe kwa mama yako mzima. Na siku utakapochelewa, akupe watu wa kukungoja.