Mawe Niliyojengea Nyumba ya Mama

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nilishuku, nikajitia sijui.

Mimi ni mhandisi wa majengo, nafanya kazi Nizwa. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, alitaka kijumba kijijini Samad, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu baba. Kiwe kidogo, chenye ubaridi, kisichokula umeme. Jamani, nilikichora kwa mapenzi! Kuta nene za mawe, madirisha madogo upande wa kaskazini, matundu ya kutolea joto juu. Nikataka kifanane na mlima, ukiwa mbali usikione. Kwa hivyo mawe niliyataka ya pale pale.

Nyuma ya kiwanja palikuwa na mteremko umejaa mawe mazuri, mengine yamesimama wima, mawili mawili. Fundi mkuu akanijia akaniuliza kama yale si makaburi. Makaburi ya huku hayana maandishi: jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Nami nikashuku ndivyo. Lakini kuta zilishafika kiunoni, nami sikutaka kazi isimame. Nikamwambia ni mawe tu, abebe.

Mama akahamia. Joto lote lile hakuwasha kiyoyozi hata siku moja. Kila mgeni aliyekuja, Mama alimsimulia habari zangu. Ole wangu, nami nikavimba kichwa!

Ijumaa moja baada ya sala, akaja mzee jirani ambaye wakati wote wa ujenzi alikuwa mjini Sur kwa mwanawe. Alikuwa amekwenda kumwombea dua mamake aliyezikwa pale nyuma, akakuta mteremko mtupu. Mimi na Mama tulipotoka nje tulimkuta anapapasa ukuta wetu, jiwe moja baada ya jingine. Nikamwahidi nitayarudisha yote.

"Mawe utayarudisha," akaniambia kwa Kiarabu, taratibu. "Mama yangu yuko chini ya lipi?"

Mama akanigeukia.

"Ulijua?"

Nikamwambia fundi aliniuliza. Akaingia ndani kufunga nguo zake.

Sasa yuko Ibra kwa kaka yangu. Nikimpa shikamoo huitikia, kisha hutazama pengine. Nyumba nimeibomoa. Mawe yamerudi mteremkoni, yamelala ovyo, maana hakuna ajuaye lipi la nani. Yule mzee husimama njiani, akauombea mteremko mzima.

Nyie mnaojenga, ulizeni wenyeji kabla ya kugusa jiwe. Kuuliza kungenichukua asubuhi moja tu.